Kalenda ya Mji Mdogo Ianze na Vikao, Burudani Ifuate

Tarehe 29 Novemba 2005 wapiga kura wa Bell, mji mdogo ulioko kaunti ya Los Angeles nchini Marekani, waliitwa kwenye uchaguzi maalumu. Walitakiwa kuamua kama mji uwe na katiba yake wenyewe badala ya kuendeshwa kwa sheria ya jumla ya jimbo la California. Mji ulikuwa na wakazi zaidi ya 36,000, lakini waliopiga kura hawakufika 400. Pendekezo likapita, na madiwani wakawa wamejitoa kwenye ukomo wa malipo uliowekwa na jimbo. Mwaka 2010 gazeti la Los Angeles Times likafichua kwamba meneja wa mji, Robert Rizzo, alikuwa akilipwa mshahara wa karibu dola 800,000 kwa mwaka, na madiwani wengi, ambao udiwani wao haukuwa kazi ya kutwa, wakichukua karibu dola 100,000 kila mmoja. Kesi zikafuata, kisha vifungo.

Kisa hicho kwa kawaida husimuliwa kama habari ya wizi na ya waandishi waliouibua. Kinafaa kusomwa pia na yeyote anayetunza ukurasa wa habari na matukio ya mji. Kura ile ilikuwa na tarehe yake, vituo vyake na saa zake, kama lilivyo tamasha lolote. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mkazi, wiki kadhaa kabla, kwamba siku hiyo ina uamuzi utakaomgusa mfukoni kwa miaka. Kufichua baada ya miaka 5 ni kazi kubwa na ya heshima, ila kutangaza mapema kungegharimu aya moja tu.

Ndiyo maana naona orodha ya matukio yajayo ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote katika habari za mji mdogo, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Hupewa kijana aliyeanza kazi juzi, au huachwa ijijaze yenyewe kwa mabango yanayotumwa na waandaaji. Matokeo yake ni kalenda iliyosheheni muziki, mashindano na maonyesho, huku kikao cha bajeti kikikosekana kabisa, kwa sababu kikao cha bajeti hakina mtu wa kukichorea bango.

Madhara ya pengo hilo yameshapimwa. Gazeti la Cincinnati Post lilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2007, watafiti Sam Schulhofer-Wohl na Miguel Garrido waliangalia miji ya jimbo la Kentucky, Marekani, iliyokuwa ikiandikwa na gazeti hilo. Waligundua kuwa wagombea wa nafasi za mitaa walipungua na waliokuwa madarakani walizidi kushinda. Utafiti mwingine wa Marekani, wa Pengjie Gao, Chang Lee na Dermot Murphy, ulionyesha kuwa gazeti la eneo likifa, gharama ya mamlaka za eneo hilo kukopa hupanda kwa kati ya pointi 0.05 na 0.11 za asilimia ya riba. Kiwango hicho kinaonekana kidogo, mpaka ukizidishe kwa mkopo wa mradi wa maji unaolipwa kwa miaka 20. Wakopeshaji wanajua kwamba mahali pasipo na jicho pana hatari zaidi, na hatari hiyo huitoza riba.

Basi kinachostahili kuingia kwenye kalenda ni nini? Ni jambo lolote lenye tarehe ambalo mkazi akilikosa atapoteza kitu. Kwa kipimo hicho, mwisho wa kujiandikisha kupiga kura ni tukio, na kadhalika mwisho wa kupinga makadirio ya kodi ya majengo, ufunguzi wa zabuni ya kujenga mtaro, siku ya chanjo, kukatwa kwa maji kwa ajili ya matengenezo, na siku ya kupokea maoni juu ya ramani mpya ya matumizi ya ardhi. Haya ni matukio yasiyo na jukwaa wala kipaza sauti, nami ningeyaweka juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi zilezile za tamasha.

Uamuzi wa umma huwa na tarehe tatu, na hapa ndipo waandishi wengi wanapoteleza. Kuna siku nyaraka zinapowekwa wazi, siku ya mwisho ya kupeleka maoni au pingamizi kwa maandishi, na siku ya kikao chenyewe. Kalenda nyingi huandika hiyo ya tatu peke yake. Mkazi anafika ukumbini amejipanga kuzungumza, anaambiwa dirisha la maoni lilifungwa wiki iliyopita, kikao hiki ni cha kupitisha tu. Anarudi nyumbani akiamini kwamba kuhudhuria hakuna maana, na hatamwamini tena aliyemtangazia. Kila uamuzi wa umma uingizwe kwenye kalenda mara tatu, kwa tarehe zake tatu, na tarehe ya mwisho wa maoni ipewe uzito mkubwa kuliko ya kikao.

Ajenda nayo inataka kusomwa kwa kalamu mkononi. Tafuta kwanza vitenzi. Kikao cha "kupokea taarifa" hakiamui kitu, lakini "kuidhinisha", "kuridhia" na "kupitisha" maana yake ni kwamba pesa au ardhi itahama mkono. Halafu tafuta namba zisizoeleweka. Kipengele kinachosema "kubadili matumizi ya viwanja namba 14 hadi 22, kitalu C" hakimwambii mtu chochote. Chukua ramani ya mji, tafuta kitalu C, kisha andika: "eneo la wazi nyuma ya soko, ambapo watoto huchezea mpira, linapendekezwa kuwa la maghala." Hakuna ulichoongeza wala ulichopendelea, umeandika kilekile kilichomo kwenye ajenda kwa namna ambayo anayeishi pale atajua kuwa anasemwa yeye. Mwishowe angalia "mengineyo". Kikao kikiwa na desturi ya kupitisha mambo mazito chini ya kichwa hicho, hiyo yenyewe ni habari.

Kuhusu tangazo lenyewe, makosa yanayoumiza watu ni machache, na yanajirudia mwaka hadi mwaka.

La kwanza ni siku kutolingana na tarehe. Bango linasema "Jumamosi tarehe 14 Juni 2026", na ukitazama kalenda unakuta siku hiyo ni Jumapili. Usikisie ni ipi iliyokosewa. Hata hivyo, kosa lenyewe linakupa fununu. Mwaka wa kawaida una wiki 52 na siku moja, kwa hiyo tarehe ileile husogea siku moja mbele kila mwaka, au siku mbili pale Februari 29 inapopita katikati. Tarehe 14 Juni 2025 ilikuwa Jumamosi. Tofauti ya siku moja, basi, karibu kila mara ina maana kwamba mwandaaji amechukua bango la mwaka jana akabadilisha mwaka tu. Na kama alisahau kubadilisha siku, kuna uwezekano mkubwa kasahau pia jina la ukumbi, kiingilio na namba ya simu. Mpigie, upitie naye mstari kwa mstari. Mambo yanayofuata sikukuu za mwandamo wa mwezi yana hatari zaidi, kwa kuwa sikukuu hizo hurudi nyuma siku 10 au 11 hivi kila mwaka, na anayenakili bango la mwaka jana hukosea kwa zaidi ya wiki.

La pili ni saa. Tunasema saa 4 asubuhi, simu inaonyesha 10:00, na fomu ya mtandaoni inataka mwandaaji aandike saa kwa tarakimu. Anaandika 4:00, programu inaipokea kama alfajiri, na ujumbe wa kukumbusha unawaamsha watu usiku wa manane. Dawa ni kuwa na nafasi mbili kwenye jedwali la mhariri, moja ya saa ya kusoma ("saa 4 asubuhi") na nyingine ya saa ya mashine ("10:00"), na mtu mmoja azijaze zote mbili kwa wakati mmoja. Kinachochapishwa kiwe na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku bila kukosa. "Saa 2" peke yake isipite kamwe.

Usiku nao una mtego wake. Kwa wengi wetu "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama, ila wapo wanaomaanisha baada ya mchana wa Ijumaa. Mkesha ukitangazwa hivyo, nusu ya watu watafika siku siyo. Andika "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa" na shaka inaisha. Kwa mwisho wa muda, epuka saa 6 usiku. "Mwisho ni tarehe 12 saa 6 usiku" inasomeka kwa namna mbili zinazotofautiana kwa saa 24 nzima. Saa 5:59 usiku haina utata, au bora zaidi mwisho uwe saa 10 jioni, ofisi ikiwa bado wazi na kuna mtu wa kupokea fomu.

La tatu ni tarehe za tarakimu tupu. 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwa wengi, lakini kwa Marekani na kwenye programu nyingi zilizotoka huko ni Machi 4. Jina la mwezi liandikwe kwa herufi. Kwenye jedwali la ndani tumia mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, yaani 2026-04-03. Ndio mpangilio wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, na una faida kwamba ukipanga safu kwa herufi, tarehe zinajipanga zenyewe.

Mahali hupewa neno moja, nalo hupoteza watu kuliko saa. Jina la ukumbi halitoshi pale jengo lina milango mitatu na uwanja wa nyuma. Andika mlango upi, na mtu mwenye kiti cha magurudumu atapita wapi. Andika pia saa ya kumaliza. Waandaaji hawapendi kuitaja, lakini kwa mtu anayetegemea usafiri wa mwisho, au mwenye mtoto mdogo, hiyo ndiyo taarifa inayoamua kama atakuja au atabaki.

Uthibitishaji ufanywe kwa simu mbili. Ya kwanza ni kwa mwandaaji, na namba uipate kwa njia nyingine mbali na tangazo lenyewe, kwa sababu tangazo la uongo huja na namba ya uongo. Ya pili ni kwa mtunza ukumbi, na hii ndiyo inayookoa zaidi. Mwandaaji anatangaza matumaini yake. Mtunza ukumbi ana daftari, na kwenye daftari hilo kuna jina, tarehe na alama ya malipo ya awali. Nafasi iliyoandikwa kwa penseli bila malipo ya awali haijashikwa bado, na anayekuja kesho na pesa mkononi ataichukua. Matukio mengi yanayovunjika dakika za mwisho yalikuwa yamekwisha kutangazwa kabla ukumbi haujalipiwa. Uliza swali moja la ziada: "Siku hiyo kuna wengine?" Ukigundua kuwa harusi iko ukumbi mkubwa na kikao cha wazazi kiko chumba cha pembeni, umejua pia kwamba maegesho hayatatosha na kelele zitakuwepo, nawe unaweza kuwaambia pande zote mbili wiki mbili kabla.

Wiki ya kazi inayoenda vizuri ina mdundo wake. Kukusanya kuwe Jumatatu, kupiga simu Jumanne, kufunga orodha Jumatano alasiri, kuchapisha Alhamisi, na Ijumaa ibaki kwa mabadiliko. Saa ya kufunga iheshimiwe hata kwa mkubwa, na ukiivunja mara moja kwa ajili ya mheshimiwa, hutaweza kuirejesha. Tukio kubwa litokee kwenye orodha mara tatu: wiki nne kabla, ili watu wapange na waandaaji wengine wasigongane nalo, wiki moja kabla, likiwa na maelezo kamili, na siku moja kabla, kwa mistari miwili. Kila ingizo libebe tarehe lilipothibitishwa mara ya mwisho. Msomaji akiona "imethibitishwa tarehe 9" kwenye tukio la tarehe 11, ana sababu ya kuliamini.

Sasa njia za kufikisha. Kila njia ina kikomo chake, na anayepuuza kikomo hicho hulipa.

Ujumbe mfupi wa simu unabeba herufi 160. Kiwango hicho kilipendekezwa mwaka 1985 na mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand, na bado kinatubana. Kiswahili kinaingia vizuri kwa sababu hakina herufi zenye alama za juu, lakini kuna mtego mdogo unaogharimu pesa nyingi. Ujumbe ukiwa na alama moja tu iliyo nje ya seti ya msingi ya herufi za simu, ujumbe mzima unahamia kwenye usimbaji mwingine, yaani namna nyingine ya kuhifadhi herufi inayokula nafasi zaidi, na kikomo kinashuka hadi herufi 70. Emoji moja inatosha kufanya hivyo. Inatosha pia ile alama ya ng' ikiwa simu au kompyuta imeipinda badala ya kuiacha wima. Ujumbe wa herufi 150 uliopaswa kuwa mmoja unakatwa vipande vitatu, kwani ujumbe wa aina hiyo ukigawanywa kila kipande hubeba herufi 67, na kwa watu 2,000 unalipia ujumbe 6,000. Kabla ya kutuma, badilisha kila alama iliyopinda iwe wima, ondoa mapambo yote, kisha jitumie wewe kwanza uone unafika kama vipande vingapi.

Makundi ya WhatsApp ni mepesi na yana kasi, ila hayafai kuwa ghala. Ujumbe unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 tu tangu utumwe, na nakala zilizokwisha kusambazwa kwenye makundi mengine hazibadiliki hata ukihariri wa kwako. Maana yake ni kwamba kosa likishapita dakika hizo, linaishi maisha yake. Bango la picha lina shida zaidi, kwani halitafutiki kwa neno, programu za kusomea wasioona haziwezi kulisoma vizuri, na picha hubanwa ubora inapotumwa, mpaka namba ya simu iliyoandikwa kwa herufi nyembamba inageuka ukungu. Tuma maandishi kamili, na picha iwe nyongeza. Mstari wa mwisho wa kila ujumbe useme taarifa sahihi ya karibuni inapatikana wapi, mahali pamoja tu pasipobadilika. Hapo nakala ya zamani ikizunguka, walau inamwelekeza mtu kwenye chanzo.

Bango la karatasi bado lina kazi, hasa kwa wazee na kwa wapita njia. Mafundi wa mabango hutumia kipimo hiki: herufi yenye urefu wa milimita 25 husomeka vizuri kutoka umbali wa mita 3. Karatasi ya A3 ina upana wa milimita 297, hivyo kwa urefu huo wa herufi mstari mmoja hauchukui zaidi ya maneno mawili au matatu mafupi. Chagua basi lipi liwe kubwa. Nembo za wafadhili ndizo kwa kawaida hula nafasi hiyo, na tarehe ikabanwa chini kabisa, pale inapozibwa na bango la mwenzako. Weka jambo, siku na mahali juu. Msimbo wa QR ukitumika, upana wake uwe walau sehemu moja ya kumi ya umbali wa msomaji. Anayesimama mita moja na nusu anahitaji msimbo wa sentimita 15, wenye ukingo mweupe pande zote. Msimbo wa sentimita 2 kwenye kona ya bango lililo juu ya nguzo ni pambo tu.

Redio ya jamii haihitaji maelezo mengi. Sekunde 30 hubeba maneno 60 hivi. Taja jambo kwanza, kisha siku, kisha rudia siku mwishoni, maana msikilizaji huanza kusikiliza kwa makini pale anapogundua kuwa jambo linamhusu, na siku ikiwa imetajwa mwanzoni tu, imeshampita.

Mabadiliko ndiyo yanayoonyesha kama ukurasa una mwenyewe. Tukio likivunjika, watu wengi hulifuta kwenye orodha, na hilo ni kosa kubwa. Aliyeliona wiki iliyopita akirudi asilione, atadhani amekosea pa kutafuta, na atakwenda tu. Ingizo libaki palepale, likiwa na neno IMEAHIRISHWA au IMEFUTWA mbele ya jina, hadi siku ya awali ipite. Maneno hayo mawili yasichanganywe, kwa sababu mwenye tiketi ya lililoahirishwa anasubiri tarehe mpya na mwenye tiketi ya lililofutwa anadai pesa zake. Kwa kalenda za kompyuta kanuni ni hiyohiyo. Faili za mfumo wa iCalendar hutambua kila tukio kwa kitambulisho chake maalumu kiitwacho UID. Ukibadilisha tarehe kwenye ingizo lilelile, simu za waliojiunga zinasahihishwa. Ukilifuta kisha ukaunda jipya, litakuja na UID mpya, na popote ambapo la zamani halikuondoka mtu anabaki na matukio mawili yanayopingana asijue lipi la kweli.

Taarifa za misiba husomwa na kila mtu, na kosa lake halisahauliki. Zisitoke mpaka ndugu wa karibu awe amethibitisha kwa sauti yake na mahali pa mazishi pawe pamethibitisha saa. Taarifa iliyosambaa makundini haitoshi, hata kama imetumwa na watu 20, kwa maana wote 20 wanaweza kuwa wamenakili kwa mmoja. Usitaje nyumba ya marehemu ilipo pamoja na saa ambayo familia yote itakuwa makaburini, wezi nao husoma. Kwa mtoto aliyepotea, picha yake iondolewe kila mahali ulipoiweka mara tu akipatikana, na uwaombe waliosambaza wafanye hivyo, kwa sababu picha hiyo itamfuata hadi ukubwani.

Upande wa pesa, ningeshikilia jambo moja tu: kuingia kwenye orodha kuwe bure kwa kila tukio la wazi kwa umma, na malipo yawe kwa nafasi ya ziada, ikiandikwa waziwazi kwamba imelipiwa. Siku orodha yenyewe inapouzwa, kikao cha pingamizi la ardhi kinatoweka, kwa kuwa hakuna anayefaidika kulipia kitangazwe. Mikutano ya siasa iingie kwa vipengele vilevile vitano, yaani nani, nini, siku, saa na mahali, na neno kama "mkubwa" au "wa kihistoria" likatwe kwa vyama vyote sawasawa.

Kuna nusu nyingine ya kazi ambayo karibu hakuna anayeifanya, nayo ni kurudi. Tukio likishapita, safu ya mwisho kwenye jedwali ijazwe: lilifanyika? Liliamua nini? Ahadi gani ilitolewa na ya tarehe ipi? Jibu la swali la tatu huzaa tukio jipya. Mhandisi akisema kikaoni kwamba daraja la waenda kwa miguu litafunguliwa kabla ya mwisho wa Septemba, weka tarehe 30 Septemba kwenye kalenda siku hiyohiyo, mbele yake uandike jina la cheo chake na alichoahidi. Ikifika, piga simu, uchapishe jibu. Hapo ndipo kalenda inapogeuka kuwa chombo cha uwajibikaji, bila mtu kuhitaji kuandika tahariri kali.

Na katika kurudi, namba za waliohudhuria zihesabiwe, zisipokelewe tu. Njia ya Herbert Jacobs, aliyekuwa mwalimu wa uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1960, bado inafaa. Pima eneo, kisha ligawe kwa nafasi ya mtu mmoja. Umati uliotawanyika, watu wakiwa na nafasi ya kunyoosha mikono, huchukua karibu mita moja ya mraba kwa kila mtu, na uliosongamana huchukua chini kidogo ya nusu mita ya mraba. Uwanja wa mita 20 kwa 30 ni mita za mraba 600. Ukijaa kwa nafasi una watu 600, na ukisongamana una kama 1,400. Mwandaaji akikuambia walikuwa 5,000, anasema kila mita ya mraba ilibeba watu zaidi ya 8, wakati msongamano unaozidi watu 5 kwa mita moja ya mraba huanza kuwa hatari kwa maisha. Ama namba ni ya uongo, ama uwanja ulikuwa hatarini na hakuna aliyesema. Vyote viwili vinastahili kuandikwa, na cha pili kiandikwe kabla mwandaaji hajaomba uwanja huohuo tena.

Haya yote hubomoka siku mtu mmoja anapohama au kuugua, na katika miji midogo mtu huyo karibu kila mara ni mmoja. Ateuliwe msaidizi tangu mwezi wa kwanza, na walau wiki moja katika kila mwezi msaidizi ndiye aongoze kazi yote, mwenye kazi akiwa pembeni. Akaunti zifunguliwe kwa anwani ya barua pepe ya ukurasa, zisifunguliwe kwa namba ya mtu binafsi. Kila kundi la WhatsApp liwe na wasimamizi wasiopungua wawili. Jedwali la matukio lihifadhiwe mahali pawili, na pembeni ya kila ukumbi liwe na jina la mtunza ukumbi, namba zake mbili, na saa anazopatikana.